Kepteni Gathii Gachanja, Rubani Aliyepima Kila Gunia

Kepteni Gathii Gachanja alikuja duniani tarehe 3 Juni 1956 huko Nyeri, mtoto wa pili wa mzee Gachanja na mama Mwihaki, wote wametangulia. Mwaka wa 1964 familia ilihamia Trans-Nzoia, wakakaa Kibomet, na hapa ndio nyumbani mpaka leo. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, na alipima kila gunia mwenyewe hata kama mwenye gunia ni pasta. Gathii alikuwa anaangalia tu.

Hiyo mizani ndio mnaona hapo mezani kando ya picha. Tangu asubuhi watu wanauliza ni ya nini. Ngojeni kidogo.

Shule ya msingi alisomea hapa Kitale, sekondari akasomea upande wa Bungoma, akamaliza 1975. Kila mwaka alikuwa namba mbili darasani, na mpaka anazeeka alikuwa anasema namba moja aliibiwa. Akaenda Nairobi kuosha ndege huku akisomea urubani, na mwaka wa 1981 akapata leseni. Si leseni ya kujivinjari, ya kazi. Ndege ndiyo ilimlisha na ikatulisha sisi wote. Hiyo mkumbuke, itarudi.

Mwaka wa 1982 alikuwa anapeleka walimu Lodwar kusimamia mitihani. Kila abiria alipimwa. Mwalimu mmoja kutoka Chwele, Lenah Wekoye, akakataa kabisa kukanyaga mizani.

"Mimi si ng'ombe ya soko ya Chwele," akamwambia.

"Mwalimu, ndege haitanunua mtu. Inataka tu kujua."

"Basi iulize mwenyewe."

Kepteni akamwangalia, akaandika kwa karatasi: sitini na moja. Huyo mwalimu ndiye mama yetu, na anasema mpaka leo, "Huyu mwanaume alijua kilo zangu kabla ajue jina langu." Na alikuwa amepatia! Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, na Mungu akawapa watoto watatu. Wa pili alipewa jina la babu wa Chwele, akawa mtu wa kwanza ukoo wa Gachanja kuitwa Walubengo. Shuleni walimsumbua, pole bro.

Kutoka 1988 Kepteni aliendeshea kampuni moja ndege ndogo, Kitale mpaka Lokichoggio, madaktari, dawa na chakula. Miaka kumi na sita na hakuwahi hata kukwaruza taa. Halafu ikafika Ijumaa, tarehe 6 Februari 2004.

Siku hiyo kulikuwa na abiria sita na magunia ya maharagwe. Karatasi ilisema kila gunia ni kilo hamsini. Kepteni akatoa mizani ya mama yake kwa buti ya gari, akatundika gunia moja. Sitini na nane. Akatundika lingine. Sitini na nane. Mwenye kampuni, Bwana Nyambu, alikuwa hapo na miwani yake ya jua.

"Kepteni, si hii ndege hubeba hivi kila siku?"

"Asubuhi. Saa hii ni saa saba, jua imewaka, na Kitale iko juu. Hewa ni nyepesi, ndege itataka njia ndefu kuliko hii tuko nayo. Magunia manne yashuke."

"Na yakikosa kushuka?"

"Basi nitashuka mimi."

Akashuka. Akawaambia abiria kwa nini ameshuka, na wao wakashuka, wote sita. Kabla jioni hakuwa na kazi. Wiki tatu baadaye, kampuni hiyo hiyo, uwanja huo huo, mchana, mzigo kama ule, kijana mwingine akiendesha. Ndege ilipita mwisho wa uwanja ikaingia shambani. Watu walivunjika miguu na mbavu. Gazeti la Chama cha marubani likaandika ni upepo.

Sasa tuongee juu ya hicho Chama. Kepteni alikuwa mwanachama tangu 1985, na kadi aliiweka ndani ya Biblia. Alienda ofisi yao Nairobi, akavaa tai. Hakuitisha kazi wala wakili. Aliitisha barua moja tu, iseme rubani akikataa kupaa kwa sababu ya uzito, hajakosa. Kwa sababu kila kampuni alienda kuomba kazi walikuwa wanamuuliza, "Na Chama kinasemaje juu yako?"

Chama kilimwambia hayo ni mambo ya ndani ya kampuni. Mwenyekiti wa Chama alikuwa nani? Bwana Nyambu. Ati anatetea marubani! Yeye ndege anaendesha Jumapili akienda Malindi kuogelea. Hao watu miaka yote hiyo walipigania nini? Mahali pa kuegesha vindege vyao, na mashindano ya gofu. Rubani anayeamka saa kumi kupeleka dawa Loki walimtambua kwa picha ya kalenda peke yake. Baada ya miezi mitano wakamletea bahasha, na Kepteni akaifungua na kisu vizuri asiirarue. Ilikuwa kadi ya kumwalika dina. Juu imeandikwa "Sauti ya Rubani".

Hakupaa tena. Alinunua pikapu akaanza biashara ya mahindi Ndalu, na wakulima walikuwa wanapita wanunuzi wengine wakitafuta mizani ya Kepteni kwa sababu haidanganyi. Lakini ndege ikipita juu alikuwa anawacha hata kuhesabu magunia. Anasimama, anasikiza injini, anasema, "Huyu amejaza." Halafu anarudi kazini.

Sukari ilimshika 2006, ikaingia figo mwaka jana. Alilazwa Bungoma, baadaye Eldoret. Kila Mama akienda kumwona alikuwa anauliza, "Barua imekuja?" Mama anasema, "Bado, Baba Levi." Alituwacha Alhamisi tarehe 5 Machi 2009 saa kumi na moja asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mbili.

Jumanne hii katibu wa Chama alipiga simu. Ati mwenyekiti anataka dakika kumi za kuongea hapa, na waweke bendera yao juu ya jeneza.

Mama akamuuliza, "Na ile barua mmebeba?"

"Mama, hayo ni ya zamani. Sasa ni wakati wa kuomboleza."

"Basi ombolezeni mkiwa huko huko."

Nafasi yao tulikuwa tumeiwacha tupu kwa programu, ukurasa wa tatu. Jana ndio ikapata mwenyewe. Sista Rahab, nesi, mmoja wa wale abiria sita, aliwatafuta wenzake watano kwa simu mmoja mmoja, wakaandika na wakaweka sahihi. Fungueni muone. Ni fupi:

"Tarehe 6 Februari 2004 Kepteni Gathii alikataa kupaa na sisi. Hakukosa. Tunajua kwa sababu tuko hapa."

Karatasi yenyewe Mama ameiweka mfukoni mwa koti la kazi la Kepteni, na hilo koti ndilo amevaa ndani ya jeneza. Kadi ya Chama ilitolewa kwa Biblia, tukawashia jiko.

Kepteni amewacha mke wake Mwalimu Lenah. Watoto Levi, Walubengo na Mwihaki. Dada yake Nyambura. Mjukuu mmoja, Pauline. Wakulima wa Ndalu. Na abiria sita ambao wameketi kwa tenti ya pili, wazima.

Apumzike na amani yake yote. Hakuna mtu tena wa kumwambia aongeze gunia moja.