Mzee Wetherlow Bado Yumo Bungeni

Gari la farasi la abiria lilikuwa likielekea Bunge la London. Bi Augusta alibanwa kati ya mwenye bucha na fundi viatu, waliokuwa wakimsema baba yake bila kujua kwamba aliyekaa kati yao ni binti yake.

"Wetherlow ang'atuke!" alifoka mwenye bucha. "Kahama vyama vitatu, sasa kahamia usingizini."

"Wewe bwana, mzee yule akiamka, mawaziri wanatafuta mlango," alijibu fundi.

"Siku hizi anaamshwa na njaa tu."

"Leo anawatetea watoto wa viwandani. Utaona atakavyowang'ata matajiri."

"Awang'ate kwa meno gani, babu wa watu?"

Gari likasimama. Augusta akainuka, akafunua leso. Meno ya bandia yakawakenulia wote wawili.

"Nipisheni, jamani. Kayasahau mezani, na anakaribia kuhutubia."