Mama Mabuu, Mtunza Inzi wa Mapera na Maembe

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo ni dada yetu mkubwa, mliyemzoea kwa jina la Mama Mabuu. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, wa kwanza kati ya watoto watano, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko la matunda. Mama yetu anasema alikuja kwa haraka, mkunga hajavua hata viatu. Haraka hiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Tangu hapo, kila alipotaka kutoka mahali, alicheleweshwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akafika kidato cha pili, baba alipougua ikabidi aache. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza. Mwalimu alimhamisha madawati yote akitafuta mtu ambaye hataongea naye. Mwisho alimkalisha peke yake, akaongea na ukuta.

Mwaka 1988 aliajiriwa kituo cha utafiti wa matunda, kazi ya kufagia, na baadaye akapewa kufuga inzi. Ndiyo, inzi. Wale wanaotoboa tunda na kutaga ndani, ukilipasua unakuta mabuu yamekutangulia kula. Vyumba vyake vilikuwa viwili, vinatazamana, katikati ujia usio na dirisha. Huku wanaruka inzi wa mapera, kule inzi wa maembe. Koti la bluu huku, la njano kule, kuoga kabla ya kuvuka, na mlango mmoja haufunguliwi mpaka wa pili umefungwa.

Siku moja mumewe, shemeji yetu, alimuuliza, "Si inzi ni inzi tu?"

"Kwa macho, mapacha. Lakini hawa mababu zao wamekula pera, wakaoana kwenye mpera, wakataga kwenye pera. Wale hivyohivyo kwenye embe. Vizazi vikienda, hata vinasaba vyao vinaanza kuachana. Wa pera ukimpa embe, anazunguka tu kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa."

"Kumbe hata inzi wana ukabila!"

"Cheka tu. Mkulima akitega mtego uliojaribiwa kwa hawa, wale wanaweza kuupita wanaimba."

Watafiti walikuja, wakachukua inzi wao wa kupima, wakaondoka. Yeye alibaki. Koo hizo mbili zikichanganyika hata mara moja, kazi ya miaka yote inakwenda na maji.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na dereva wa malori. Fungate halikumaliza hata wikiendi, maana inzi wanataka kula. Mungu akawajalia watoto wawili. Mwaka 2003 shemeji alihamishiwa mji mwingine, dada akaomba ruhusa amfuate. Mkuu wa kituo akamwambia, "Subiri kizazi hiki kiishe, dada." Kizazi cha inzi ni wiki chache tu, lakini hicho alichoambiwa asubiri hakikuisha. Watoto walimjua baba yao kwa mlio wa lori.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2016. Daktari alisema ni vumbi la mbawa za inzi. "Mama, toka kwenye kile chumba."

"Nikitoka, nani ataingia?"

"Ukibaki, atakayeingia atakuwa amerithi koti."

Waliletwa wa kufundishwa, wakakimbia joto na harufu. Tarehe 22 Agosti 2019 pumzi ilimkatika akiwa kwenye ujia. Akasukuma mlango wa huku, akasukuma na wa kule, upepo wa madirisha ya vyumbani, yenye wavu, upite. Upepo ukapita, na inzi nao wakapita. Mkuu alimkuta kakaa sakafuni, ujia umejaa inzi ambao hakuna binadamu wa kuwatenganisha kwa macho. Akashika kichwa. Dada akamwambia, "Kizazi kimeisha, mkuu. Naomba ruhusa yangu."

Akapewa. Akaenda kwa mumewe, na huko hakutulia. Aliamka gizani, akavaa viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakufungua dirisha kabla hajafunga mlango.

"Mke wangu, hapa hakuna inzi."

"Ndiyo hilo linaloniumiza."

Kituo kilipoanza kukusanya mabuu upya, Januari 2020, alirudi mwenyewe bila kuitwa. Shemeji akamuuliza, "Umetolewa jela, unarudi kumsalimia askari?"

"Baba watoto, mimi nimeshakuwa inzi wa pera. Embe naliona zuri, kutagia ndiyo sijui."

Alilazwa tarehe 3 Mei 2024, akafariki asubuhi ya tarehe 11, mumewe kamshika mkono.

Juzi mkuu wa kituo alikuja kutupa pole. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akasogea karibu na mama yetu. "Mama, binti wa marehemu ana mkono mwepesi kama wa mama yake. Tungempa kile chumba..."

Mama alimsogezea kikombe. "Baba, chai ipo. Mtoto hayupo."

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu na sisi wadogo zake wanne. Mungu ampokee dada yetu, ampumzishe vizuri, na huko aliko asimkabidhi funguo za chumba chochote.