Korongo Anayetazama Nyuma

Askari aliyekuwa anarudi vitani kutoka nyumbani aliketi kando ya Odarka ndani ya basi dogo la kwenda mji wa Poltava, akaikodolea macho nembo ya ndege korongo iliyoshonwa kwenye mkoba wa mama huyo.

"Mama, umeuziwa feki. Korongo wa kikosi chetu anamtazama adui. Huyu wako anatazama nyuma."

"Nyuma wapi? Anatazama kiotani. Mwanangu ndiye aliyemchora."

"Basi alikosea. Nembo ya vita haigeuzi shingo, tutachekwa!"

"Kamanda wenu naye alisema hivyohivyo, akaamuru ageuzwe. Huyu ni wa mwanzo."

Kijana akakuna kidevu. Kushindwa na mama wa watu si jambo dogo. "Na uzi wa nini? Sisi tunabandika tu, ili tukikutana askari tubadilishane nembo." Akabandua yake begani. "Haya, chukua iliyo sahihi, nipe hiyo."

Odarka akafunika mkoba kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu akirudi, atamgeuza mwenyewe."

"Yuko wapi sasa?"

"Wanasema hajulikani alipo."

Basi likasimama stendi. Askari akashuka, nembo yake ingali mkononi. Kupitia dirishani Odarka alimwona akienda na begi lake, kisha kijana akageuza shingo, akatazama njia waliyojia.