Nyota Iliyofichwa Nyuma ya Mlango

ZENTA: Haloo, nani tena? Kama ni yule wa bima, mwambieni nimekufa tangu Pasaka.

KILIAN: Marehemu, shikamoo!

ZENTA: ...Kilian?

KILIAN: Mwenyewe. Mpwa wako wa pekee, mzuri wa sura, maskini wa—

ZENTA: Marahaba, marahaba! Mungu wangu. Mbona unakwaruza hivyo, unakaanga vitunguu?

KILIAN: Ni mvua, Shangazi. Singapore ikinyesha, mtandao unashikwa na mafua. Huko saa ngapi?

ZENTA: Saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Jumapili.

KILIAN: Jumapili naijua, ndiyo iliyofanya nipige. Huku ni alasiri. Leo si zamu ya nyumba yetu kuuzia mji bia?

ZENTA: Umekula?

KILIAN: Shangazi, nimeuliza zamu—

ZENTA: Na mimi nimeuliza chakula. Mkubwa nani?

KILIAN: Nimekula wali na kuku. Haya. Zamu?

ZENTA: Kuku wa nani?

KILIAN: Nitamjuaje, hatukutambulishwa! Shangazi, sikusikii ukiburura viti. Siku ya kutoa bia saa hizi ungekuwa unaburura viti huku unamtukana mtu.

ZENTA: Viti vimeshapangwa.

KILIAN: Vyote?

ZENTA: Vyote. Wewe je, uko wapi? Nasikia kama chupa zinagongana.

KILIAN: Nimekalia kreti nyuma ya baa. Tunafungua saa kumi na mbili. Nimejichukulia bia moja, nikasema niinywe nawe kwa mbali, tukiwa na... yaani, tusherehekee. Ni bia ya kwetu, Shangazi! Kwenye karatasi ya chupa kuna mtawa mnene anacheka, na maandishi ya kale kama yale ya mlango wa kanisa.

ZENTA: Ya mji gani?

KILIAN: Wa kaskazini huko, sijui wapi. Imeandikwa "Ujerumani" mara nne, nadhani ili wasisahau wenyewe.

ZENTA: Soma tarehe.

KILIAN: Tarehe ya nini?

ZENTA: Kilian.

KILIAN: ...Mwisho wa kutumika ni Februari.

ZENTA: Sasa ni Oktoba.

KILIAN: Naam.

ZENTA: Februari ya mwaka huu?

[Mtandao unakwaruza.]

KILIAN: Hapa namba zimefutika kidogo.

ZENTA: Mwaka jana! Yesu na Maria! Mimina. Weka simu karibu na glasi, na ufunge mdomo.

KILIAN: Shangazi, huwezi kuonja kwa si—

ZENTA: Mimina!

[Kizibo kinafyatuka. Bia inamiminwa.]

ZENTA: Imekufa.

KILIAN: Umejuaje?

ZENTA: Bia hai ukishamimina inaendelea kunong'ona juu ya glasi. Hiyo imenyamaza kama mlevi aliyeulizwa jana alilala wapi. Inanukaje?

KILIAN: Vizuri tu.

ZENTA: Kilian.

KILIAN: Katoni iliyonyeshewa. Na kicheche kwa mbali.

ZENTA: Chupa ya kijani, imekaa juani.

KILIAN: Wewe mchawi!

ZENTA: Mimi mpishi wa bia. Mwanga unapenya chupa ya kijani ukaiharibu bia, hata mtoto anajua. Na wateja wanakunywa hiyo?

KILIAN: Wanafumba macho, Shangazi. Wanafumba macho kabisa, wanasema "Aaah, Ujerumani." Halafu wananigeukia mimi niliyesimama mlangoni na kaptula ya ngozi—

ZENTA: Na nini?

KILIAN: Kaptula ya ngozi. Yenye mikanda ya mabegani.

ZENTA: Lakini sisi hatuvai! Wanaovaa ni watu wa milimani kule kusini!

KILIAN: Nilimwambia bosi. Akasema wateja hawalipii somo la jiografia.

ZENTA: Baba yako angekuona—

[Kimya kirefu.]

KILIAN: Angecheka.

ZENTA: Angecheka mpaka akojoe. Angeenda nyumba kwa nyumba kutangaza. [anacheka kidogo, anakohoa] Na wao wakikugeukia, wewe unawaambia nini?

KILIAN: Nani?

ZENTA: Hao wenye macho yaliyofumbwa.

KILIAN: ...Nasema ndiyo. Nasema kwetu iko hivi hivi.

[Tik-tak ya saa.]

KILIAN: Shangazi? Usikasirike. Ukikaa miaka miwili huku, hata ulimi unasahau. Juzi niliinywa, nikaona mbona si mbaya. Nikaogopa. Nikaenda kupiga mswaki.

ZENTA: Sijakasirika.

KILIAN: Shangazi... ile inayolia tik-tak ni nini?

ZENTA: Saa ya ukutani.

KILIAN: Ya sebuleni?

ZENTA: Tuna nyingine?

KILIAN: Siku ya bia sijawahi kuisikia saa hiyo maishani mwangu. Nilidhani imekufa. Nyota umeshaitoa dirishani?

ZENTA: Misa haijaisha.

KILIAN: Nyota inatolewa kabla ya Misa kuisha! Watu wakitoka kanisani wanainua shingo kutafuta iko dirisha la nani, wakanywe huko. Baba alikuwa anaitoa saa tatu, hata chai hajanywa. Iko wapi?

ZENTA: Nyuma ya mlango. Nimeifunika shuka.

KILIAN: Shuka! Ni nyota ya mbao, Shangazi, si maiti.

[Saa inaendelea tik-tak.]

KILIAN: Samahani. Nimeteleza.

ZENTA: Ulikuwa huna breki tangu utotoni.

KILIAN: Lakini hii ni zamu ya tatu. Baada ya kumzika baba, ile ya Pasaka tukaiacha ipite, ya Julai tukaiacha—

ZENTA: Tukaiacha? Mimi na nani?

[Mtandao unakwaruza.]

KILIAN: Ukaiacha.

ZENTA: Eeh.

KILIAN: Ikipita na hii, nyumba inafutwa kwenye orodha ya zamu, na ikishafutwa hairudi. Hatutapika tena, si wewe, si mimi, si... Ottmar amekuambia?

ZENTA: Alikuja jana. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, anazunguka zunguka. Mara hali ya hewa, mara mguu wake. Mwisho akasema, "Zenta, mimi ndiye mwenye orodha lakini sikuitunga sheria." Nikamwambia najua. Binti yake anaingoja nafasi, na si mtoto mbaya.

KILIAN: Kwa hiyo hukupika.

ZENTA: Nani kakuambia sikupika? Nimepika! Nimesimama siku mbili kwenye jiko la bia la mji, nimekoroga kimea kwa mikono yangu, kuni nimesukuma mwenyewe. Wazee wakaja kuchungulia kama nimeanguka ndani ya sufuria. Sasa iko hapa chini kwenye baridi. Mapipa manne. Leo imetimiza wiki sita.

KILIAN: Wiki sita! Siku yake hasa! Shangazi, sasa kinachokushinda nini? Mti wa nyota mzito? Uchomeke tu dirishani, kile chuma si—

ZENTA: Mti naubeba. Mikono ninayo.

KILIAN: Basi ni nini?

[Saa inasikika.]

ZENTA: Nikiitoa, watakuja.

KILIAN: Ndiyo maana ya kuitoa!

ZENTA: Watakuja, nyumba itajaa. Wataimba wimbo wao mbaya ule, watamwaga haradali kwenye kitambaa. Halafu wataondoka.

KILIAN: Shangazi...

ZENTA: Zamani walipoondoka tulibaki wawili, mimi na baba yako. Yeye anaosha glasi, mimi nafuta, ananisimulia nani kasema nini, utadhani mimi nilikuwa mji mwingine. Nilikuwa namwambia, Alois, nimesikia, nilikuwepo! Haachi. Glasi mia na ishirini, Kilian. Kwa mtu mmoja.

[Mvua inasikika upande wa Kilian.]

KILIAN: Shangazi, Krismasi nikija—

ZENTA: Usiseme.

KILIAN: Nasema tu kama bosi ata—

ZENTA: Ulisema Pasaka. Nikatandika kitanda. Usiseme, mwanangu. Sema kingine.

MASHINE: Salio lako limebaki dakika sita.

ZENTA: Nani huyo mwanamke?

KILIAN: Mke wangu. Kazi yake kunihesabia dakika.

ZENTA: Mpumbavu wewe.

KILIAN: Haya, nasema kingine. Hii takataka niliyoshika ilikuwa bia nzuri siku moja. Kuna mtu huko kaskazini aliikoroga kama wewe. Halafu ikawekwa ghalani, ikawekwa bandarini, ikapanda meli, ikakaa kwenye kontena juani, na kila aliyeipita alisema itanywewa wiki ijayo. Mpaka imenifikia mimi, kwenye kreti, na kaptula. Yako iko chini ya miguu yako, ngazi kumi na moja tu.

ZENTA: Kumi na mbili.

KILIAN: Kumi na mbili! Na haijawahi kutiwa kwenye chupa, wala haitafika hata mji wa pili. Isiponywewa hapo, na hao hao wenye haradali, haina wengine. Baada ya wiki mbili itakuwaje?

ZENTA: Itaanza kuchacha.

KILIAN: Utaimwaga?

ZENTA: ...Nitaimwaga.

KILIAN: Mapipa manne, mtaroni, kwa ndoo, na Ottmar anapita na mbwa wake. Mbwa analewa, anamuuma padri—

ZENTA: Unanidhihaki.

KILIAN: Ndiyo elimu niliyonayo.

[ZENTA anacheka.]

ZENTA: Nani atabeba? Alois alikuwa anamimina, mimi nabeba. Siwezi kuwa sehemu mbili.

KILIAN: Wewe mimina. Wabebe wenyewe.

ZENTA: Wageni wabebe glasi nyumbani kwangu?

KILIAN: Waambie ndio mtindo wa Singapore.

ZENTA: Watasema Zenta kazeeka.

KILIAN: Wanasema hivyo tangu niko darasa la pili! Na ulizeeka?

[Kengele za kanisa, kwa mbali.]

KILIAN: Hizo ni kengele? Shangazi, hizo kengele?

ZENTA: Padri mgeni. Mahubiri yake mafupi.

KILIAN: Nenda! Nenda, nenda, usikate—

[Mkono wa simu unawekwa mezani. Hatua zinapanda ngazi, zinasimama, zinaendelea. Dirisha linalia. Kishindo. Tusi. Hatua zinashuka.]

ZENTA: [anahema] Imetoka.

KILIAN: Safi!

ZENTA: Imekaa upande.

KILIAN: Iache. Unaona nini?

ZENTA: Wanatoka. Wanashuka ngazi za kanisa. Wanapita upande wa pili.

KILIAN: Subiri.

ZENTA: Wameiona, Kilian. Wameinua macho wakayashusha. Yule wa duka la mikate kamshika mumewe mkono, wanaenda zao. Wamezoea. Mara mbili wamekuta dirisha tupu, wamepata kwingine pa kwenda.

KILIAN: Subiri, nakuambia.

ZENTA: Nilikwambia mimi. Niishushe kabla—

KILIAN: Usiguse!

[Kengele zinanyamaza.]

ZENTA: Ottmar amesimama katikati ya njia.

KILIAN: Anafanya nini?

ZENTA: Hafanyi kitu. Anaiangalia. Wenzake wanamvuta. Amevua kofia.

KILIAN: Ameivulia nyota?

ZENTA: Amevua kofia, anavuka. Kilian, anavuka barabara. Na yule wa mikate anageuka... wote wanageuka, wanamfuata, Mungu wangu, ni kanisa zima! Viti!

KILIAN: Si ulisema vimepangwa!

ZENTA: Nilidanganya, viko juu ya meza vyote! Na jibini sijakata! Ingieni, ingieni, mlango uko wazi! Kilian, usikate, nakuja sasa hivi, dakika moja—

[Mkono wa simu unawekwa mezani. Mlango. Viatu vingi. Viti vinaburutwa.]

KILIAN: Sawa. Nipo.

[Sauti nyingi kwa pamoja. Mtu anacheka.]

KILIAN: Shangazi, ukipita tu hapo useme... Basi. Fanya kazi yako kwanza.

[ZENTA kwa mbali: "Beba mwenyewe! Ndio mtindo wa Singapore!" Kicheko kikubwa.]

KILIAN: [anacheka peke yake] Amewaambia kweli.

MASHINE: Salio lako limebaki dakika moja.

KILIAN: Nimesikia, mama.

[Nyundo inagonga bomba kwenye pipa, mara tatu. Glasi. Glasi nyingine. Glasi nyingi.]

KILIAN: Shangazi? Kuna mtu karibu na simu? Haloo? Iko hapo mezani, kando ya mkate. Ottmar! Ni mimi, Kilian wa Alois. Haloo?

[Sebule nzima inanyamaza ghafla. Wanakunywa.]

KILIAN: Ikoje?

[Glasi inawekwa mezani. Mtu anashusha pumzi ndefu.]

KILIAN: Jamani, mtu mmoja tu aniambie. Ikoje mwaka hu—

MASHINE: Salio lako limekwisha.

[Mlio mmoja mrefu. Mvua.]

KILIAN: Ikoje?