Trendafila Mutafova na Gari Lililokataa Kuzimika Mbele Yake

Ijumaa tarehe 31 Mei, Bi. Trendafila Mutafova, fundi umeme wa Jumba la Magari ya Kale hapa Svishtov, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Mkurugenzi ameniomba mimi, Metodi wa stoo, niandike wasifu wake kwa jarida letu, akanipa ukurasa mmoja. Bi. Trendafila aliposikia alisema ukurasa mmoja hautoshi hata kwa miezi yake ya majaribio.

Alitufikia akitokea chuo cha ufundi cha Pleven, akiwa na sanduku la vifaa la baba yake na maoni juu ya kila jambo. Vifaa vingi vimeshapotea. Maoni yameongezeka. Anayo kuhusu ukataji wa mizabibu, kuhusu chumvi ya supu yetu ya mchana, na kuhusu waume wa wenzake. Wakati huo jumba lilikuwa mabanda mawili yanayovuja, na magari mengi yalitoka nje kwa kusukumwa. Leo karibu yote yanatoka yenyewe, na hakuna hata moja ambalo nyaya zake hazijapita mikononi mwake. Ni mla mbegu za alizeti pia. Ukikuta maganda chini ya kiti cha gari la mwaka 1938, usimsingizie panya.

Kuna ugonjwa mmoja tu wa magari anaouchukia, ule wa kuzimika mara mojamoja bila sababu. "Gari lililokufa ni rahisi," husema. "Limelala hapo, unalipasua. Hili la kufa na kufufuka linakufanya mwongo mbele za watu."

Ndivyo lilivyomfanya lile gari jeusi la miaka ya hamsini tunaloliita Shemeji, kwa sababu halikosi harusi. Dereva wake ni Mzee Kosta, yaani Kostadin Gaidarov, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kofia yake. Kiangazi kimoja, miaka ya nyuma, Shemeji alizimika kwenye mlima wa kutoka bandarini. Alizimika sokoni. Alizimika hatua chache kabla ya mlango wa kanisa, bibi harusi akiwa ndani, na bwana harusi akasukuma kwa viatu vipya. Kila mara Bi. Trendafila aliitwa, akaja, akawasha, na injini ikanguruma kama paka aliyeshiba.

"Akikuona wewe anapona," Mzee Kosta alimwambia, "kama mtoto aliyeona sindano."

Alibadilisha plagi, pointi, kondensa na koili. Alisugua vichwa vya betri, akaweka waya mpya wa ethi, akamwaga tangi lote akidhani kuna uchafu. Mimi nilikuwa nikitoa vipuri stoo mpaka rafu zikabaki na vumbi. Shemeji alitulia siku chache, kisha akazimika tena.

Basi mchana mmoja wa joto, tukiwa mezani, Bi. Trendafila akasema, "Nimeshabadilisha kila kitu ndani ya gari hili isipokuwa dereva."

Tulicheka. Mzee Kosta hakucheka. Aliweka kijiko chini. "Bibie, mimi nilikuwa naendesha malori wakati wewe bado unaogopa swichi ya taa."

"Labda ndiyo maana unakanyaga pedali kama mtu anayeshindilia kabichi kwenye pipa."

Yangeishia hapo, maana wawili hawa wamekuwa wakitupiana maneno tangu siku ya kwanza. Kwa bahati mbaya mkurugenzi wa wakati ule alikuwa meza ya pili, naye alikuwa mtu asiyejua utani. Jumatatu Mzee Kosta akahamishiwa getini kukata tiketi, na Shemeji akapewa Plamen, dereva wa basi letu dogo. Kwa Plamen, Shemeji hakuzimika. Harusi baada ya harusi, hata kikohozi hakikusikika.

Hapo mwingine angetembea kifua mbele, na huyu tunayemuaga hahitaji sababu kubwa ili atembee hivyo. Lakini hakujisifu. Yeye na Mzee Kosta hawakusemeshana tena, mimi nikawa posta yao. "Metodi, mwambie huyo bwana kiti chake kinaziba njia." "Metodi, mwambie huyo mama nimesikia." Nami nikiwa nimesimama katikati yao wote wawili. Mzee Kosta alikata tiketi akiwa amevaa kofia yake ya udereva. Watoto walipomuuliza kwa nini, aliwajibu kuwa kibanda kina baridi. Ilikuwa Agosti.

Siku moja Bi. Trendafila aliingia stoo, akakaa juu ya boksi la vipuri.

"Sijalipata kosa, Metodi. Watu wananipongeza, lakini sijalipata. Umeme haumjui Kosta wala Plamen."

"Basi kamwambie mkurugenzi."

"Nimwambie nini? Kwamba sijui?" Akatema ganda la alizeti. "Sijawahi kumwambia mtu sijui."

Kesho yake alikwenda, akamwambia. Nina hakika, kwa sababu mkurugenzi alikuja kuniuliza kama Bi. Trendafila ni mgonjwa. Bi. Trendafila alikuwa ameomba kitu kimoja: Mzee Kosta arudi kwenye usukani kwa wiki moja, na yeye mwenyewe akae kando yake.

Jioni hiyo akaenda nyumbani kwa Mzee Kosta na sinia la banitsa ya jibini iliyotoka kwenye oveni. Mzee aliongea naye akiwa ndani ya geti.

"Umekuja kuniomba radhi?"

"Nimekuja kukuomba uniendeshe."

"Mimi kazi yangu tiketi siku hizi."

"Kosta, banitsa inapoa."

Geti likafunguliwa.

Alivuta waya kutoka kwenye koili mpaka kwenye balbu ndogo aliyoibandika juu ya dashibodi. Balbu ikiwaka, umeme unafika, ikizimika, haufiki. Wakazunguka mji siku kadhaa wakibishana juu ya kila kona. Kisha, kwenye barabara ya mawe inayoshuka bandarini, Shemeji akazimika, na balbu nayo ikazimika.

"Usiguse kitu," Bi. Trendafila akasema. "Hata ufunguo usiuguse."

Nyuma yao gari la mikate lilipiga honi. Yeye alikuwa akitazama kwenye swichi ya ufunguo. Pale palining'inia funguo zote za maisha ya Mzee Kosta: wa nyumba, wa pishi la mvinyo, wa kibanda cha shambani, wa kwa mama yake, wa mnara wa kanisa anakopiga kengele, pamoja na kifungulio cha chupa cha shaba chenye umbo la farasi. Aliuinua mzigo ule kwa kiganja. Balbu ikawaka. Akauachia. Ikazimika.

"Swichi imelika ndani," akasema. "Na wewe umeitundikia kengele nzima ya kanisa."

Kumbe yeye kila alipoitwa alikuja na ufunguo wa akiba wa karakana, uliofungwa uzi tu, na Plamen alipewa huohuo. Hakuna aliyewahi kuendesha na mzigo ule isipokuwa mwenyewe.

Mzee Kosta aliacha mikono kwenye usukani. "Kwa hiyo ni mimi kweli."

"Ni funguo zako na swichi yangu. Nimepima kila kitu isipokuwa nilichokishika kila siku."

Kesho yake mchana alisimama mbele ya wafanyakazi wote, na mkurugenzi akiwepo. "Nilisema kosa ni dereva," akasema. "Kosa lilikuwa swichi, na swichi ni kazi yangu. Kosta arudishiwe gari lake." Akakaa, akaonja supu, akasema haina chumvi.

Jumamosi Mzee Kosta alipeleka maharusi kanisani akiwa na ufunguo mmoja mtupu. Zile nyingine alizifunga kiunoni, na mpaka leo tunamsikia kabla hatujamwona.

Mengine mnayajua. Ni Bi. Trendafila aliyefufua taa na king'ora cha gari la zimamoto, akakijaribu mkurugenzi akiwa kwenye simu. Ni yeye aliyemfundisha Yoana Stambolieva, anayeshika nafasi yake. Yoana anasema somo la kwanza lilikuwa kukaa ndani ya gari na kusubiri lizimike, na somo la pili likawa hilohilo.

Bi. Trendafila, asante kwa nyaya, kwa kelele, na kwa siku ile ya supu. Tunakuombea maisha mema, afya, na zabibu nyingi. Ijumaa baada ya chakula Mzee Kosta atakurudisha nyumbani ukiwa ndani ya Shemeji. Unakaa mtaa wa pili tu. Ameomba gari kwa siku nzima.