Shaibu Bilali na Nguruwe Waliokohoa Kamanga

Tarehe 30 Juni 1962, Bwana Shaibu Bilali anastaafu baada ya kuhudumia mifugo ya Mwanza kwa miaka ishirini na nane. Anatuachia baiskeli yenye breki moja. Mimi, karani wa ofisi ya mifugo, ananiachia upweke.

Alianza kwa kuchanja ng'ombe. Mwaka 1949 akakabidhiwa nguruwe, nasi tukamcheka sana: Mwislamu wa mtaa wa Mirongo kupewa mabanda ya nguruwe! Yeye alisimama nje ya uzio, saa mkononi, akihesabu pumzi kwa kutazama mbavu zinavyopanda na kushuka. Kwa kuwa hakuwagusa, alijifunza kuwatazama vizuri kuliko sisi sote.

Mwaka 1957 mafua makali yalipita mjini. Mimi yaliniangusha wiki nzima. Ndipo nguruwe thelathini na wanne wa Mama Teodora, mjane wa kijiji cha Kamanga ng'ambo ya ziwa, wakaanza kukohoa. Walikuwa na homa na makamasi, wanahema kwa tumbo, pumba hawagusi. Mkubwa wetu wa wakati ule alihofia homa ya nguruwe, ile isiyobakiza mnyama, akaamuru wote wachinjwe na kuchomwa kesho yake. Mama Teodora hakuwa na mifugo mingine.

Bwana Shaibu akavuka ziwa, akashinda uzioni. Akagundua kwamba Mama Teodora naye anakohoa, tena alianza kabla ya nguruwe wake. Aliporudi alimwambia mkubwa waziwazi: "Bwana, hawa wameambukizwa mafua na mama mwenyewe. Homa ile ingeua upesi, mafua yatapita. Nipe siku saba. Wakifa, nifukuze kazi." Nilidhani amechanganyikiwa.

Akapewa. Mama Teodora akakatazwa kuingia bandani mpaka apone, jirani asiye na mafua akawalisha. Siku ya tano pumzi zikatulia. Siku ya saba wote thelathini na wanne walikuwa wakigombania pumba, na amri ikafutwa. Tangu hapo kila banda alilolikagua lina kibao chenye mwandiko wake: Mwenye mafua asiingie.

Nakushukuru, Bwana Shaibu, kwa kuwa nilikucheka na hukuninunia. Mama Teodora anakushukuru zaidi. Michembe anayokuletea kila mwaka, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tumeila wote.

Nenda kwako Kiseke ukapumzike, afya ikae nawe siku zote. Mama Teodora anasema lango lake liko wazi kwako wakati wowote, isipokuwa ukiwa na mafua.