Waliosemezana kwa Kinywa cha Mgonjwa

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya, masheikh wetu, Bi Biubwa tunayekuaga leo, Daktari Msabaha uliyekaa mbali naye kama kawaida yako, ndugu wageni waalikwa: asalaam alaykum. Mniwie radhi nikisema nikiwa nimekaa. Moyo wangu umechoka, na daktari huyuhuyu ameniambia kwa upole nisihangaike kushona kanzu ya Idi ijayo.

Nimeombwa nimsifu nesi anayestaafu. Nani kati yetu hakupita mikononi mwake na kichwa kinachovuja damu? Aliyeangukiwa na kidaka cha mnazi kule Mapinga, aliyejigonga kizingitini akikimbilia futari, aliyepigwa mwiko na mkewe akadai ameteleza, wote aliwaosha. Na kwa kuwa sisi watu wa hapa kichwa kikipasuka tunakishindilia unga wa kahawa kabla ya kwenda hospitali, yeye hutuuliza, "Hii ya kwenu mmetia na tangawizi?"

Lakini leo nina la kuungama, na sina muda wa kulichelewesha. Tangu mwaka wa sitini na tisa hawa wawili, nesi na daktari, hawasemezani. Wanafanya kazi chumba kimoja, na mgonjwa ndiye posta yao. Nami niliwahi kulala pale nikishonwa utosi:

"Mwalimu, mwambie daktari uzi huo mnene."

"Mwalimu, mjibu nesi kwamba mwembamba umekwisha."

"Mwalimu, muulize aliumaliza nani."

Jamani, na mimi naumia!

Chanzo ni binti yangu Mina. Wiki ya arusi yake ubao wa dirisha ulimwangukia kichwani. Jeraha dogo, damu nyingi. Daktari akashika wembe. "Nanyoa, nishone." Nesi akamzuia mkono. "Bibi arusi atoke na kipara? Nitafunganisha nywele zake za huku na za huku, zilivute jeraha lifumbe."

"Hapa si kwa msusi!"

"Wala si buchani!"

Mwishowe nesi aliosha kahawa yote, daktari akapapasa mfupa mpaka akaridhika kwamba haukupasuka, akamchoma sindano ya pepopunda, ndipo nesi akafunga nywele fundo kwa fundo. Mina aliolewa na nywele zake. Wao wakanuniana mpaka leo.

Msilolijua ni kwamba baada ya arusi Bi Biubwa alinijia. "Mwalimu, mimi niliona nywele, yule aliona mfupa. Bila yeye labda ningemfunga mtoto na ufa kichwani. Usimwambie." Haukupita muda, akaja daktari. "Mwalimu, siku hizi sishiki wembe kabla sijamtazama Biubwa usoni. Usimwambie, atavimba."

Nikawaapia wote wawili. Lakini kesho Bi Biubwa anarudi kwao Pangani, nami sitaki kuzikwa na maneno mazuri ya watu wengine. Basi nimeyarudisha kwa wenyewe. Kiapo nimekivunja, na kafara yake nimeitoa: maskini kumi wamekula wali nyumbani kwangu jana.

Bi Biubwa, usijifiche kwenye ushungi. Daktari, viatu vyako tumeshaviona, inua uso.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Sasa tunyamaze, maana naona Daktari Msabaha amesimama, na mgonjwa aliye kati yao, ambaye ni mimi, hana tena ujumbe wa kupeleka.